Wajane wa Vrindavan na Mama Yangu Mdogo

Mwaka juzi nilikaa Delhi wiki tano nikimuuguza mdogo wangu. Aliyewahi kupeleka mgonjwa India anayajua maisha yale: asubuhi hospitali, mchana foleni ya vipimo, jioni gesti, ambako Mtanzania, Mkongo na Msudani wanapokezana jiko moja na kusimuliana habari za figo na moyo kama watu wa kijiweni wanavyosimuliana mpira. Kwenye gesti yetu alikuwepo mzee mmoja Mhindi, mzaliwa wa Moshi, aliyemleta mkewe kufanyiwa upasuaji wa macho. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni kwetu kabisa, na juu yake ameongeza matusi mawili matatu ya Kichaga. Siku ya kwanza nikamwita kaka. Akacheka.

"Kwetu, Kigujarati, kaka ni mdogo wa baba. Baba yako mdogo huyo. Mke wake ndiye kaki."

Basi nikaendelea kumwita Kaka, na kila mmoja wetu akalisikia neno hilo kwa lugha yake.

Mkewe alikuwa ameweka nadhiri: macho yakipona, atauzunguka mlima Govardhan kwa miguu. Macho yalipona, ila daktari akamkataza vumbi na jua. Kaka akaamua kuitembea nadhiri ya mkewe yeye mwenyewe, akawa anatafuta mtu wa kumsindikiza. Mdogo wangu alikuwa ameshatolewa nyuzi, na Mkongo wa chumba cha pili akasema atamwangalia siku mbili hizo. Nikaenda. Sikwenda kumtafuta Mungu, maana mimi ni Mkatoliki na wa kwangu ninaye. Nilikuwa tu nimechoshwa na harufu ya hospitali.

Vrindavan iko kama kilomita 150 kusini mwa Delhi, karibu na Mathura, mji ambao Wahindu wanaamini ndiko alikozaliwa Krishna. Mathura alizaliwa, Vrindavan na vijiji vya jirani ndiko alikokulia, akichunga ng'ombe, akiiba siagi, akipiga filimbi usiku mpaka wanawake wakaacha kazi zao wakamfuata. Eneo lote hilo wanaliita Braj, na kila kisima na kila kichaka kina kisa chake. Vrindavan maana yake msitu wa tulsi, mmea ulio jamaa wa mrehani wetu. Msitu wenyewe umebaki kidogo sana. Kuna kichaka kimoja, Nidhivan, kinachofungwa kila jua linapozama, kwa sababu inaaminika Krishna hurudi humo usiku kucheza, na mtu haruhusiwi kubaki ndani. Kwingine kote ni mahekalu, mahoteli, honi na bajaji za umeme. Salamu ya huko ni "Radhe Radhe", yaani wanamtaja Radha, mpenzi wa Krishna. Hata dereva anayetaka umpishe hapigi kelele nyingine zaidi ya hiyo.

Halafu kuna tumbili. Kaka alinionya mapema nivue miwani, nikaona ananitania. Hatukufika hata mwisho wa uchochoro, mmoja akashuka ukutani, akaninyang'anya miwani usoni kistaarabu kabisa, akapanda nayo juu ya paa akakaa akinitazama. Mwenye duka akachukua pakiti ya juisi ya embe akamrushia. Tumbili akaidaka, akaiachia miwani. Juisi nililipa mimi. Kumbe ni biashara ya kila siku pale, na sina hakika kama mwenye duka na tumbili hawana hisa pamoja.

Jioni tuliingia hekalu la Banke Bihari. Humo hakuna anayekaa amuangalie Mungu kwa raha zake. Kila baada ya muda mfupi pazia linavutwa mbele ya sanamu, kisha linafunguliwa, kisha linavutwa tena. Kaka alinieleza sababu: wanasema zamani mcha Mungu mmoja alimtazama Krishna kwa mapenzi makubwa mno, bila kupepesa, mpaka Krishna akashindwa, akatoka akamfuata nyumbani kwake. Tangu hapo pazia likawekwa. Wenyewe wanakwenda hekaluni kuona na kuonwa, na neno lao la jambo hilo ni darshan. Mimi nilisimama kule nyuma nikisukumwa na umati, nikawaza kwamba sijawahi kusikia dini nyingine inayomlinda Mungu wake asichukuliwe na macho ya watu.

Lakini sikukusudia kuandika habari za mahekalu.

Asubuhi yake tulipita mlangoni mwa ukumbi mmoja tukasikia kuimba. Ndani walikuwa wanawake zaidi ya mia, wote wazee, wengi wamevaa sari nyeupe, wameketi chini kwa mistari. Matoazi mawili, ngoma moja, na jina la Krishna likirudiwa, likirudiwa. Nilidhani ni ibada ya kina mama. Kaka akasema, "Hawa ni wajane. Wanaimba saa kadhaa, wanapewa mchele, dengu na rupia chache. Kesho tena."

Wajane wamekuwa wakija Vrindavan kwa miaka mingi, na wengi wanatoka Bengal, mbali kabisa upande wa mashariki. Uhusiano wa Bengal na mji huu ni wa zamani: mtakatifu Chaitanya, Mbengali, ndiye aliyekuja huku mwanzoni mwa karne ya 16 na wanafunzi wake wakayatafuta upya maeneo ya Krishna. Kwa hiyo njia ilikuwepo. Ila waliopita katika njia hiyo hawakuwa mahujaji peke yao. Katika familia nyingi za tabaka la juu mjane alihesabiwa mkosi: asivae rangi, asihudhurie harusi, ale kidogo. Sheria ya kumruhusu aolewe tena ilipitishwa mwaka 1856, na ya kumpa urithi mwaka 1956. Sheria ni jambo moja, na mashemeji ni jambo lingine. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya India iliingilia kati baada ya taarifa kwamba wajane waliofia kwenye makazi ya Vrindavan hawakupewa hata maziko ya heshima. Tangu hapo mengi yamefanyika. Shirika la Sulabh likaanza kuwapa posho ya kila mwezi. Mwaka 2013 wajane wakaanza kusherehekea Holi, sikukuu ya kurushiana rangi, wao waliokatazwa rangi maisha yao yote. Mwaka 2018 serikali ikafungua makazi ya watu 1,000. Niliyaona majengo hayo kwa mbali. Ni mazuri. Mpaka leo, hata hivyo, ukienda asubuhi utakuta ukumbi wa kuimba umejaa.

Zamu ilipokwisha, bibi mmoja alikaa kibarazani akinyoosha miguu. Kaka akamwamkia kwa heshima, "Radhe Radhe, Ma," tukaketi chini yake. Alikuwa amekaa mjini hapo muda mrefu, Kihindi chake ni kizuri, Kaka akawa ananitafsiria. Sikumuuliza swali la maana. Nilimuuliza alifikaje.

Alisema mumewe alipokufa alikaa nyumbani mwaka mmoja na kitu. Kisha mtoto wa kaka wa mumewe, kijana msomi, mpole, akampeleka kuhiji. Walipanda treni pamoja, wakatembelea mahekalu pamoja. Mwisho akamtafutia chumba, akamnunulia mkeka na sufuria, akamwambia: hapa utakuwa karibu na Mungu.

"Hakusema uongo," bibi akaongeza.

Nikamuuliza kama ana hasira naye. Kaka alisita kulitafsiri swali hilo, kisha akalitafsiri. Bibi akacheka, akasema akirudi leo atarudi kwa nani? Hapa ana Krishna, ana wenzake, ana magoti mabovu, na jioni akipenda analala bila kumuomba mtu ruhusa. Halafu akanigeukia mimi. Mama yangu yuko wapi? Nikasema amefariki. Na kakima je?

Neno hilo sikuhitaji kutafsiriwa. Kibengali na Kigujarati vimeligawana: mke wa mdogo wa baba. Kaki. Mama mdogo.

Nikasema, "Yupo. Ni mjane. Yuko kwa masista, anatunzwa vizuri."

"Accha," akasema. Sawa. Kisha, "Nani alimbebea begi?"

Kaka aliuliza kwa Kiswahili mara mbili, akidhani sikusikia.

*

Ni mimi niliyembebea begi.

Baba mdogo alifariki mwaka 2017 bila mtoto. Aliacha kihamba cha migomba na kahawa, nyumba ya mabati yenye vyumba vitatu, na mke waliyeishi naye miaka 34. Wiki tatu baada ya mazishi kikaitwa kikao cha ukoo. Mimi ndiye niliyekuwa katibu, kwa sababu ndiye mwenye shahada na mwandiko unaosomeka. Muhtasari ninao mpaka leo. Ukiusoma hutakuta neno baya hata moja. Hakuna aliyesema mjane afukuzwe, Mungu apishe mbali! Ilisemwa kwamba mama mdogo amechoka, kwamba presha inamsumbua, kwamba nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Kihamba "kikasimamiwe" na mdogo wangu. Ndipo mzee mmoja akasema: si kuna wale masista wenye makazi ya wazee? Pale atapata chakula, dawa na misa kila siku. Anapenda sana kusali.

Nakumbuka jinsi chumba kilivyopata unafuu. Mpaka dakika ile watu walikuwa wanatazama chini. Baada ya kutajwa masista kila mtu akainua uso. Nikaandika: "Mama mdogo apumzike kwa masista." Naye alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Alipoulizwa akasema, "Nyie ndio mnajua, wanangu."

Kipande cha chini cha kihamba, kile kinachogusa barabara, tuliuza mwaka juzi. Ndicho kilichotupeleka Delhi. Mdogo wangu yu hai kwa ajili ya kipande kile, na ningeambiwa nichague tena, sijui. Nasema sijui kwa maana yake halisi.

Kwa hiyo swali lililonikuta kwenye kibaraza cha Vrindavan halikuhusu Wahindi. Nilikuwa nimeshaanza kuwahukumu, nakiri. Nilikuwa nimeshaandaa kichwani sentensi za kuwaeleza nyumbani, unajua zile sentensi za mtu aliyesafiri: eti huko kwa wenzetu wanawatupa mama zao hekaluni. Swali lilikuwa hili: mahali pa kimbilio panapokuwa pazuri, je, panatusaidia kutenda ubaya kwa roho nyepesi?

Kaka hakukubaliana nami nilipomwambia. Tulikuwa kwenye gari kwenda Govardhan. Alisema hospitali haileti ugonjwa, na huwezi kumlaumu mwenye kupokea kwa kosa la mwenye kutupa. Yuko sahihi, na nchi yetu inamuunga mkono. Kanda ya ziwa wako wajane wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na nyuma ya uchawi mara nyingi kulikuwa na shamba. Mjane wa namna hiyo angekuwa na masista wa kumpokea angekuwa hai. Na sheria haikumsaidia: Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 linamnyima mjane urithi wa mumewe, na wajane wawili wa Shinyanga walipolipeleka jambo hilo Mahakama Kuu, mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba ni ubaguzi, kisha ikakataa kulifuta. Ikabidi kamati ya Umoja wa Mataifa iseme mwaka 2015 kwamba haki za wanawake wale zilivunjwa. Katika nchi ya namna hiyo nani atathubutu kusema makazi yafungwe?

Mimi sisemi yafungwe. Nasema tu kwamba nilikuwepo chumbani. Bila masista tungelazimika kutazamana usoni, na pengine mmoja wetu, pengine hata mimi, angesema: jamani, hii ni nyumba yake. Upendo wa masista ulitumika pale kama mto wa kuziba sauti, na masista wenyewe hawana habari.

Kaka akanyamaza kidogo, kisha akanipa jambo ambalo bado ninalitafuna. Alisema kwao maisha ya mtu yana hatua nne, na ya mwisho, sannyasa, ni ya kuachana na nyumba, mali na jina, ukabaki na Mungu tu. Hatua hiyo inaheshimiwa kuliko zote. "Lakini wewe ndiye unayeacha nyumba," akasema. "Nyumba haikuachi wewe." Akanitajia Mirabai, binti wa kifalme wa karne ya 16, mjane naye, ambaye masimulizi yanasema aliwakimbia wakwe zake akaja Vrindavan kwa hiari yake, akimwimbia Krishna, na leo India nzima inamuenzi. Njia ni ileile aliyopita bibi wa kibarazani. Tofauti ni nani aliyefungua mlango.

Hapo nilitaka kujitetea. Bibi mwenyewe si amesema hataki kurudi? Na mama mdogo, mara mbili nilizomtembelea (ndiyo, mara mbili kwa miaka yote hiyo), si alikuwa ananawiri, anasuka vikapu, anaongoza rozari? Kama mwisho ni mwema, hiari ya mwanzo ina kazi gani?

Nimelifikiria hilo usiku mwingi. Nadhani jibu ni kwamba wema wa mwisho ule ni mali ya nani. Mwanamke aliyeachwa na mkeka na sufuria akajijengea humo amani, marafiki na hata kicheko, amani hiyo ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Yule kijana mpole wa kwenye treni hana hisa ndani yake. Hawezi kuja baada ya miaka akamkuta anacheka, akasema: unaona, nilifanya vyema. Kicheko cha bibi si risiti yangu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimeishika hivyo, kama risiti: "anatunzwa vizuri." Nilimwambia kila aliyeniuliza, na Vrindavan nikamwambia mjane mwenzake bila hata kuona haya.

*

Govardhan, kwa mtu aliyekulia chini ya Kilimanjaro, ni kichekesho. Ni kimgongo cha mawe kirefu na kifupi kwa kimo, unaweza kukipita usijue ni mlima. Mzunguko wake ni zaidi ya kilomita 20. Tulianza saa tatu usiku, pekupeku, tukiwa na mamia ya watu wengine. Walikuwepo waliokuwa wakienda kwa kulala kifudifudi, wanainuka, wanasogea pale vidole vilipofika, wanalala tena. Mzunguko mmoja kwa namna hiyo unakula siku nyingi. Tulipita Radha Kund, bwawa lenye ngazi za mawe, watu wanaoga usiku huo huo kwenye baridi. Kaka alikuwa anachechemea tangu kilomita ya tano. Nilimwambia tupande bajaji, nani atajua? Akasema, "Mke wangu atajua. Ataniuliza miguu."

Njiani alinisimulia kisa cha mlima. Indra, mungu wa mvua, aliwakasirikia wachungaji kwa kuacha kumtolea sadaka, akawashushia gharika. Krishna, mtoto tu, akaunyanyua mlima huu kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akaushika juu siku saba, kijiji kizima na ng'ombe wao wakakaa chini yake kama chini ya mwavuli. Wachungaji nao, wakimwonea huruma mtoto, wakaweka fimbo zao kuusaidia mlima usianguke.

"Fimbo zilisaidia?" nikauliza.

"Hata kidogo."

"Sasa mbona wanasimulia?"

Kaka alikuwa anatoa mchanga katikati ya vidole vya mguu. "Ungependa wangekaa tu pale chini wanakula?"

Tulimaliza alfajiri. Walitupa vipande vya peda, vitamu vya maziwa vilivyokwisha kutolewa kwa Krishna. Nilifikiria barua ya Paulo kwa Wakorintho na chakula cha sanamu, halafu nikala, kwa sababu nilikuwa na njaa na kwa sababu mzee aliyenipa alikuwa ananitazama kwa furaha. Padre wangu nimemweleza. Alicheka tu.

Boksi moja la peda nilisafiri nalo mpaka nyumbani. Mwezi mmoja baada ya kurudi nikalipeleka kwa masista. Mama mdogo alionja moja, akasema ni tamu mno, akala ya pili. Nilimsimulia habari za tumbili na miwani, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Kisha nikamuuliza jambo ambalo katika kikao hakuna aliyemuuliza: yeye alitaka nini?

Hakujibu upesi. Akauliza kama ule mparachichi wa nyuma ya jiko bado upo, na kama mabati ya upande wa jiko yalishazibwa. Nikasema mparachichi upo, mabati sijui. Akasema basi angependa kwenda kuangalia. Siyo kuhama, akasema, hapa ana marafiki. Kuangalia, na kulala pale siku mbili tatu, kitandani kwake, kama kitanda bado kipo.

Nikatoka kibarazani nikampigia mdogo wangu. Nguvu zake zimerudi sasa, analima mwenyewe. Nikamwambia mama mdogo anataka kuja. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Aje," akasema. "Ila mwambie kwanza kuhusu kile kipande cha barabarani. Asije akakiona mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Na umwambie hela zilikwenda wapi."

Niliporudi ndani alikuwa anafungia peda zilizobaki kwenye karatasi ili awagawie wenzake, akaniuliza ni kesho au keshokutwa.